Presha 112/92, mgonjwa anaongea, muda mfupi baadaye hayupo. Damu ilikwenda wapi?

#1 Kokoto
Wakuu salaam.

Shemeji yangu alianguka na pikipiki. Nilifika hospitali kabla hajaingizwa ndani, nikakaa naye. Paja la kulia limevunjika, limevimba, ila mfupa haukutoboa ngozi. Goti lilikuwa na kidonda cha kawaida. Damu niliyoiona kwa macho yangu ni ya kulowesha kitambaa kimoja, basi.

Presha ya kwanza 124/78, mapigo 96. Ya pili 112/92, mapigo 128. Tukaambiwa presha iko vizuri, asubiri picha. Anaongea, anajibu maswali, anaomba maji. Juu ya mdomo kijasho chembamba, na ukimshika mkono ni wa baridi. Baadaye akaanza kutupa shuka na kugombana na kila mtu, na huyu ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Zikaingia chupa mbili za dripu kwa kasi. Presha ikapanda kidogo, halafu ikaporomoka. Thieta hakuiona.

Sitafuti wa kumshtaki, ndiyo maana sitaji hospitali wala mtu. Nataka kuelewa tu. Damu ya nje haikuwa ya kuua. Presha ilikuwa "nzuri". Sasa alikufa na nini?

#2 Jicho Kavu
Pole sana mkuu. Nakaa hapa nisubiri wenye fani.

#3 Bwana Shoka
Pole. Hayo ni mafuta. Mfupa wa paja ukivunjika, mafuta ya uboho yanaingia kwenye damu yanakwenda kuziba mapafu. Ndiyo maana alianza kuchanganyikiwa. Hapo hata angekuwa hospitali gani.

#4 Nesi wa Zamu
Kokoto, pole. Namba zako mbili zinasema mengi. Acha kuangalia ile ya juu peke yake.

Kipimo cha kwanza, juu ukitoa chini unapata 46. Cha pili unapata 20. Namba ya chini imepanda kutoka 78 hadi 92, na hapo ndipo watu wengi wanapopita bila kusimama. Damu ikipungua, mwili unabana mishipa ya ngozi, ya utumbo na ya figo ili kinachobaki kiende kwenye moyo na ubongo. Mishipa ikibanwa, namba ya chini inapanda. Moyo nao unapata damu kidogo ya kusukuma kwa kila pigo, hivyo namba ya juu inaanza kulegea. Zinasogeleana. Mkono wa baridi na kijasho ni kazi hiyohiyo, unaishika kwa kiganja.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Kwa kijana mwenye afya, presha ya juu huwa haianguki waziwazi mpaka apoteze karibu asilimia 30, yaani lita moja na nusu. Kwa hiyo anayesubiri mashine isome 80 ndipo aite watu, anasubiri lita moja na nusu imwagike kwanza.

Halafu chukua mapigo, gawa kwa presha ya juu. 96 kwa 124 ni 0.77. 128 kwa 112 ni 1.14. Mtu mzima aliyetulia yuko kati ya 0.5 na 0.7. Ikifika 0.9 usiondoke hapo kitandani, ikipita 1 ita kila mtu. Hesabu hii Allgöwer na Burri waliitoa mwaka 1967, haihitaji umeme wala mtandao.

Shemeji yako alikuwa kwenye shoku, yaani damu haifiki ya kutosha kwenye viungo, wakati wanasema presha iko vizuri.

#5 Tumbili Mweupe
Wengine tulidhani shoku ni kuletewa bili.

#6 Jicho Kavu
Tumbili, kuna msiba hapa.

#7 Tumbili Mweupe
Kweli. Kokoto nisamehe ndugu yangu, pole.

#8 Dk. Asiyelala
Nesi wa Zamu amemaliza sehemu kubwa. Naongeza kwa swali la "ilikwenda wapi".

Damu nyingi ya kuua inaweza kupotelea sehemu tano: sakafuni, kifuani, tumboni, kwenye nyonga pamoja na nyuma ya tumbo, na kwenye mifupa mirefu. Ya sakafuni kila mtu anaiona. Nne zilizobaki hazionekani kwa macho. Paja moja lililovunjika linaweza kumeza lita moja hadi moja na nusu bila tone kutoka nje. Ukiona paja limevimba kuliko la pili, damu ni hiyo. Nyonga iliyopasuka inameza zaidi ya lita mbili. Upande mmoja wa kifua nao unaweza kujaa lita mbili na ushei.

Bwana Shoka #3, mafuta ya uboho yapo, lakini kwa kawaida huonekana baada ya siku moja hadi tatu, mgonjwa anaanza kuhema kwa shida, anachanganyikiwa, na wakati mwingine vidoa vidogo vyekundu vinatokea kifuani na kwapani. Siyo ndani ya saa chache za kwanza huku mapigo yanapanda na mikono inapoa.

#9 Bwana Shoka
"Kwa kawaida" siyo "daima", daktari.

#10 Dk. Asiyelala
Sawa, siyo daima. Ila ukisikia mlango unagongwa saa mbili usiku huanzi kwa kumdhania simba.

#11 Mama Pacha
Nimesoma maelezo ya Kokoto nikasisimka maana nimepita hapo, ila mimi ni baada ya kujifungua mapacha.

Watu wanadhani unasikia maumivu. Nilisikia baridi, meno yanagongana, masikio yanavuma, na miayo. Miayo mfululizo, mpaka ndugu yangu aliyekuwa pembeni akasema mwacheni apumzike, amechoka. Halafu hofu fulani isiyo na sababu, najua kabisa kuna kitu kibaya na siwezi kukieleza. Damu hakuna aliyeiona ikimwagika kwa sababu ilikuwa inakusanyika chini yangu, shuka za juu safi.

Mkunga aliingia, hakuuliza presha. Aliweka mkono tumboni, akakuta kizazi kimelegea, akaanza kukisugua huku anaita wenzake. Sindano, dripu, damu. Niko hapa.

#12 Mkunga Mstaafu
Mama Pacha, huyo mwenzangu alijua kazi. Kizazi kilichojikaza baada ya kuzaa unakisikia kigumu chini ya kitovu. Kikiwa laini, mishipa ya pale kondo lilipobanduka iko wazi.

Mjamzito ana shida nyingine: ujauzito unamwongezea damu kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Kwa hiyo anavumilia kupoteza nyingi akiwa anacheka na wageni, halafu anaanguka ghafla. Ndiyo maana hatutakiwi kukadiria kwa macho. Macho mara nyingi yanakadiria chini, hasa damu ikiwa imechanganyika na maji ya uzazi au imelowa kwenye nguo. Mfuko wenye alama za kipimo unawekwa chini ya mama, damu inaingia humo, unasoma. Utafiti wa E-MOTIVE uliotangazwa 2023, uliofanyika kwenye hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia mfuko huo pamoja na kutoa matibabu yote kwa mpigo badala ya kujaribu moja, kusubiri, kisha jingine: kusugua kizazi, oksitosini ya kukikaza, asidi ya traneksamiki ya kulinda damu iliyoganda, dripu, na kukagua damu inatoka wapi. Akina mama waliofikia kutokwa na damu kwa hatari walipungua kwa asilimia 60.

Mfuko tu, jamani. Plastiki yenye mistari.

#13 Fundi Kidevu
Mimi naona wote mnazunguka. Kokoto mwenyewe amesema: zikaingia chupa mbili kwa kasi, presha ikapanda kidogo halafu ikaporomoka. Hizo chupa ndizo zilimmaliza. Mtu anavuja damu unamjazia maji ya chumvi! Bomba limepasuka, wewe unaongeza presha ya maji. Lazima lipasuke zaidi.

#14 Nesi wa Zamu
Fundi, una nusu ya ukweli na umeitupa kama jiwe.

Nusu ya kweli: damu ikianza kuganda kwenye mshipa uliopasuka, ukipandisha presha ghafla unaweza kuling'oa bonge hilo. Walter Cannon aliliandika hili 1918, kwenye vita kuu ya kwanza. Mwaka 1994 huko Houston walilinganisha watu waliochomwa visu na kupigwa risasi kiwiliwilini: waliopewa dripu mapema walipona asilimia 62, waliocheleweshewa dripu mpaka thieta walipona asilimia 70. Pia maji ya dripu hayabebi oksijeni, yanazimua vigandishi vya damu, na yakiwa ya baridi yanampoza mgonjwa.

Nusu iliyobaki: ule utafiti ulihusu majeraha ya kutoboa, na thieta ilikuwa karibu. Huyu wa Kokoto alianguka. Na pale ambapo damu haijafika, utamwangalia tu mtu anakufa mshipa mtupu? Unatoa kidogokidogo, kwa lengo: apate mapigo ya mkononi, ajue jina lake, presha ya juu 80 hadi 90. Basi. Humjazi mpaka asome 120.

#15 Dk. Asiyelala
Naunga mkono, ila mtu yeyote asiitumie hiyo 80 hadi 90 kwa aliyeumia kichwa. Ubongo uliojeruhiwa ukikosa presha unaumia mara ya pili. Huyo unamtafutia 110 na zaidi. Na aliyeanguka na pikipiki unamhesabu ameumia kichwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Kokoto, alikuwa na kofia ngumu?

#16 Kokoto
Alikuwa nayo, ilikuwa na mkwaruzo upande. Kichwani hakuwa na jeraha.

Nimekumbuka kitu. Walipima wingi wa damu, ikasoma 13.1. Mtu wa maabara ndiye aliyetuambia "damu ipo ya kutosha". Sasa mnaposema lita zimepotea mnanichanganya.

#17 Nesi wa Zamu
Hicho kipimo hakihesabu una lita ngapi. Kinapima ukolezi. Ukipoteza damu nzima, chembe na maji vinatoka pamoja, kilichobaki ndani ni kichache lakini ukolezi ni uleule. Inachukua saa kadhaa maji ya mwilini yahamie kwenye mishipa, au dripu iingie, ndipo namba ishuke. 13.1 ya mwanzo haimtoi mtu kwenye hatari hata kidogo. Ukiirudia baadaye ukaona 9, hapo umejua kilichokuwa kinatokea.

#18 Mzee wa Maswali
Swali la mtu wa kawaida. Sina mashine ya presha, sina maabara. Niko barabarani, mtu yuko chini. Najuaje?

#19 Dereva wa Usiku
Mzee, niliwahi kufundishwa: ukigusa mapigo kwenye kifundo cha mkono ukayapata, presha yake ni 80 kwenda juu. Yakipotea hapo, gusa kinena, 70. Shingoni peke yake, 60.

#20 Dk. Asiyelala
Dereva, tulifundishwa wote hivyo na haikusimama. Deakin na Low waliipima mwaka 2000 kwa wagonjwa waliokuwa na mrija wa presha ndani ya mshipa, wakakuta hesabu hiyo inakadiria juu mno. Wapo waliokuwa na mapigo ya mkononi huku presha iko chini ya 80. Kilichobaki kuwa kweli ni mpangilio: ya mkononi hupotea kwanza, ya shingoni mwisho. Ukiikosa ya mkononi, jua hali ni mbaya bila kutaja namba.

Mzee wa Maswali #18, fanya hivi. Shika kiganja na goti: baridi na unyevu? Angalia anavyopumua, shoku inaharakisha pumzi mapema, zaidi ya 20 kwa dakika ni ya kutilia shaka, zaidi ya 30 ni mbaya. Bonyeza kucha au kifua sekunde tano uachie. Rangi isiporudi ndani ya sekunde mbili au tatu, damu haifiki vizuri pembeni. Kwenye baridi kali hiki kinadanganya. Kwa ngozi nyeusi usitafute "kupauka" usoni, fungua mdomo uangalie ufizi, shusha kope la chini, geuza kiganja.

Na msikilize. Anayeomba maji sana, anayesema "nakufa", anayekuwa mkali bila sababu, huyo ubongo wake unalalamika. Baada ya ukali huja ukimya. Watu huufurahia huo ukimya.

#21 Mama Pacha
Hicho cha mwisho kiandikwe ukutani.

#22 Mwanafunzi wa Tatu
Samahani wakubwa. Kuna ambao mapigo hayapandi kabisa? Tuliambiwa wapo.

#23 Nesi wa Zamu
Wapo wengi. Mzee anayemeza dawa za presha zinazotuliza moyo, kama atenololi au propranololi: anavuja na mapigo yako 74. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo. Mwanamichezo ambaye kawaida yake ni 48, kwake 90 ni kengele. Na mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, au damu yoyote ikijaa tumboni, wakati mwingine mapigo yanakuwa ya chini badala ya kupanda. Binti anazimia chooni, mapigo 60, wanasema njaa.

Watoto ni kinyume. Wanabana mishipa vizuri sana, presha inasimama mpaka wamepoteza theluthi na zaidi, halafu inaanguka mara moja. Kwa mtoto, ikishashuka umechelewa.

Kokoto, alikuwa na dawa yoyote anayotumia?

#24 Kokoto
Hapana. Mtu wa miaka 34, mzima.

#25 Bwana Shoka
Basi kifua. Mapafu yakitoboka hewa inajaa upande mmoja, inasukuma moyo. Nayo inashusha presha. Mmeiruka.

#26 Dk. Asiyelala
Hapa Bwana Shoka ana hoja, nampa haki yake. Hewa iliyobana kifuani inafanana na shoku ya damu kwa mbali. Tofauti: anahema kwa taabu sana, upande mmoja ukisikiliza hausikii pumzi, na mishipa ya shingo mara nyingi inatuna. Aliyeishiwa damu mishipa ya shingo imelala. Ila akiwa na vyote viwili, hewa na damu imepungua, hata mishipa haitatuna. Kokoto, alikuwa anahema vipi?

#27 Kokoto
Haraka haraka, juu juu. Lakini anaongea sentensi nzima, hakukatika pumzi. Alilalamikia bega la kushoto. Muda wote "bega, bega", kuliko hata mguu.

#28 Mkunga Mstaafu
Wengu. Kile kiungo cha tumboni, chini ya mbavu za kushoto.

#29 Dk. Asiyelala
Nilikuwa naandika hilohilo. Damu ikikusanyika chini ya kiwambo cha kupumulia upande wa kushoto, maumivu yanasikika kwenye ncha ya bega la kushoto, kwa sababu mishipa ya fahamu ya hapo inatoka sehemu moja shingoni. Paja lita moja, wengu unaongeza lita nyingine taratibu. Chupa mbili zinapandisha presha kwa muda, wengu unaendelea kuvuja, inashuka tena. Aliyepanda kidogo kisha akashuka ana tundu ambalo bado liko wazi, huyo anatakiwa thieta, siyo chupa ya tatu. Walimpiga altrasaundi ya tumbo?

#30 Kokoto
Hapana. Alikuwa anasubiri picha ya mguu. Lakini daktari, aliangukia bega hilohilo la kushoto. Lilikuwa limechubuka na kuvimba.

#31 Fundi Kidevu
Haya, bega limeumia lenyewe. Wengu umekwenda na maji.

#32 Nesi wa Zamu
Mimi nashuku nyonga. Paja likivunjika kwa pikipiki, nyonga mara nyingi imeguswa, na hakuna aliyeiangalia. Angefungwa shuka tu. Siyo kiunoni kama mkanda wa suruali, watu wote wanakosea hapo. Chini zaidi, usawa wa ile mifupa inayochomoza pembeni juu ya mapaja, unavuta shuka pande mbili na kulifunga kwa nguvu, magoti na vifundo umevikutanisha. Na asiyumbishwe nyonga kupima kama inacheza, unang'oa bonge la damu.

#33 Dereva wa Usiku
Tuache yaliyofichika kidogo. Ya nje nayo yanaua, na haraka kuliko hayo yote. Kuna siku kioo cha dirisha kilimkata jamaa mkono wa juu, ndani, damu inaruka kwa mapigo. Watu watano wamesimama, mmoja anafunga leso juu juu, damu inalowa, anaongeza leso, inalowa. Nikamwondoa, nikafumbata kitambaa kimoja nikakisokomeza ndani ya jeraha mpaka kidole kikagusa palepale panaporuka, nikalalia kwa uzito wangu. Ikakata.

Kuweka kitambaa juu siyo kubana. Lazima ulenge mshipa.

#34 Mzee wa Maswali
Na kufunga kamba? Nilisikia mkono unakatwa ukifunga kamba.

#35 Dk. Asiyelala
Mzee, mkono uliofungwa vizuri chini ya saa mbili kwa kawaida unarudi salama. Aliyekwisha damu harudi. Mkanda wa kubana unafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, kamwe siyo juu ya kiwiko au goti. Uwe mpana, kamba nyembamba inakata nyama. Kuvuta kwa mikono hakutoshi: funga, pitisha kijiti kigumu, zungusha mpaka damu ikome na mapigo ya chini yapotee, kisha fungia kijiti. Itauma sana, mwambie mapema. Andika saa. Usiulegeze kila baada ya muda "damu ipite", hiyo ni desturi mbaya, unammwagia kidogokidogo mpaka anakwisha. Anayeufungua ni hospitali.

Nusu nusu ni mbaya kuliko kutofunga: unazuia damu kurudi, haukuzuia inayokwenda, jeraha linavuja zaidi.

Kinena, kwapa na shingo mkanda hauingii. Kinenani na kwapani ni kusokomeza kitambaa na kulalia, kama alivyofanya Dereva #33. Shingo ni kubana palepale kwa vidole, na usiizungushie bandeji.

#36 Fundi Kidevu
Na miguu juu? Kila kitabu cha huduma ya kwanza kinachora mtu miguu iko kwenye kiti.

#37 Nesi wa Zamu
Inarudisha damu kidogo ya miguuni kwa dakika chache, haidumu. Hakuna aliyeokolewa na kiti. Mlaze chali, kama hakuna jeraha la mguu, nyonga au mgongo unaweza kuinua. Kwa shemeji wa Kokoto ingekuwa kosa. Mjamzito wa mimba kubwa mlaze ubavu wa kushoto, kizazi kisikalie mshipa mkubwa. Kitanda kizima kuinamisha kichwa chini usifanye, utumbo unakwenda kukandamiza pumzi.

Blanketi lina kazi kubwa kuliko kiti. Vua nguo mbichi, mfunike, mkinge na sakafu pia. Damu ya baridi haigandi vizuri, isipoganda anavuja, akivuja anapoa. Ikiongezeka asidi ya tishu zilizokosa oksijeni, ndiyo mduara ambao madaktari wa majeraha wanauogopa kuliko kisu chenyewe. Maji ya kunywa usimpe hata akiomba kwa machozi, lowesha midomo tu. Anakwenda kupewa usingizi, atatapika na kuvuta matapishi mapafuni.

#38 Mwanafunzi wa Tatu
Na traneksamiki mnampa kila mtu?

#39 Dk. Asiyelala
Kila anayevuja sana kutokana na ajali au uzazi, ndani ya saa tatu. Gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10. Kwa ajali inafuata gramu nyingine kwa saa 8. Utafiti wa CRASH-2 wa 2010 ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000, ukaonyesha inapunguza vifo, na mapema ndiyo bora. Baada ya saa tatu kwa majeruhi ikaonekana kuleta madhara. Haizibi tundu, inalinda bonge lililokwisha kuganda lisiyeyushwe. Waliogundua ni Wajapani, Utako Okamoto na mume wake Shosuke, 1962. Ilikaa makabatini miaka mingi sana kabla ya kupimwa kwa majeruhi.

Damu ikija, iwe ya moto, na vigandishi viende sambamba: plazma na chembe sahani kwa uwiano unaokaribia sawa na chembe nyekundu. Na kalsiamu, kwa sababu dawa inayozuia damu isigande kwenye mfuko inaimeza kalsiamu ya mgonjwa.

#40 Tumbili Mweupe
Mimi ni O hasi. Nimekuwa nikijisikia mtu wa kawaida tu.

#41 Nesi wa Zamu
Tumbili, wewe ndiye wa kwanza kuitwa kundi la mgonjwa lisipojulikana, hasa akiwa mwanamke ambaye bado anaweza kuzaa. Mwanaume mara nyingi anapewa hata O chanya. Nenda katoe, ni mililita 450 tu.

#42 Tumbili Mweupe
Asilimia 9 ya lita 5. Nimepiga hesabu kwanza.

#43 Bwana Shoka
Narudi kwenye mada. Bila kumpasua, wengu, nyonga na kifua vyote ni kukisia. Hata mafuta.

#44 Mkunga Mstaafu
Shoka, mafuta tuyaache yapumzike.

#45 Kokoto
Uchunguzi wa mwili haukufanyika, familia ilikataa. Asanteni wote. Ile hesabu ya mapigo nitawaeleza dada yangu na wengine.

#46 Mzee wa Maswali
La mwisho. Kisu kikiwa bado kimo ndani, nichomoe nibane?

#47 Dereva wa Usiku
Usichomoe. Kiache kilipo, kizungushie vitambaa vilivyokunjwa pande zote kisitikisike, bana pembeni yake siyo juu yake, na umsafirishe hivyohivyo. Kikitoka chenyewe njiani, hapo ndipo unasokomeza.